Avenyu yetu juu ya lava ya 2002: greda, buldoza au kantonye?

ChefuWaAvenyu (Goma)
Jambo ndugu zangu. Avenyu yetu ina urefu wa mita 600 hivi, upande wa uwanja wa ndege, juu ya lava iliyoganda ya volkeno ya Nyiragongo, ya Januari 2002. Chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zinavunjikia hapa. Mwezi uliopita mama mjamzito alishuka kwenye moto (pikipiki) akatembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, kwa sababu mtikisiko ulimshinda. Wenye nyumba tumekubali kuchanga tutengeneze njia kabla mvua za Septemba hazijaanza. Tuna njia tatu: kukodi greda (wengine hapa wanasema niveleze) siku mbili, kukodi buldoza siku moja, au kulipa kantonye (vibarua wa barabara) ishirini wenye nyundo na sururu mwezi mzima. Wengi wanataka greda, wameiona kwenye barabara kubwa ikipita na kuacha njia kama meza. Mchango huu hatutaupata mara ya pili. Mngechagua ipi?

OperetaKatanga (Lubumbashi)
Papa, mimi naendesha greda mwaka wa kumi na mbili sasa, na hakuna mashine ninayoipenda kuliko hiyo. Ndiyo maana nakuomba usiilete bado.

Greda haivunji mwamba, inasawazisha. Kisu chake, kwenye mashine za kawaida mita 3.7, kimening'inia katikati ya magurudumu mawili ya mbele na manne ya nyuma. Mwili ni mrefu, kwa hiyo gurudumu la mbele likipanda jiwe, kisu kinapanda kidogo tu. Ulaini mnaousifu unatoka hapo. Nakizungusha, nakiinamisha, nakitoa ubavuni mpaka kiguse mtaro. Lakini lazima kipate kitu cha kukata na kusogeza. Huku kwetu ni laterite, udongo mwekundu: nakata sentimita chache pembeni, nalivuta tuta katikati, nalitandaza, roli (mashine ya kushindilia) linalikandamiza. Juu ya lava nitakata nini? Kisu kitarukaruka, makali ya chini yatalika upesi, na mwenye mashine atawadai makali mapya.

FundiBirere (Goma)
Mukubwa amesema kweli. Ila hata buldoza msilikimbilie. Lava hii haifanani kila mahali. Palipo na ganda lililopasuka vipande, jino la nyuma la buldoza litaling'oa vizuri. Palipoganda kipande kimoja, minyororo itateleza tu, hapo inahitajika mashine ya kuchimba iliyofungwa nyundo. Tena greda inakuja yenyewe kwa magurudumu yake, lakini buldoza linabebwa na lori, na safari hiyo mtailipa kwenda na kurudi.

Jambo jingine, na hili linaniuma: mabomba ya maji. Kwetu mwamba ni mgumu, mabomba mengi yamelazwa juu juu. Buldoza likipita bila mtu kutangulia mbele, avenyu nzima itarudi kubeba vidumu.

DadaKadutu (Bukavu)
Mimi ni wa kantonye, na nina sababu. Kwenye mlima wetu ililetwa greda, tukashangilia. Ilifanya kazi nzuri mchana mmoja, ikaacha tuta la udongo limelala pembeni pande zote mbili. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakakosa pa kutokea, yakashuka katikati ya barabara. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na korongo. Waliolifungua tuta lile kwa majembe ni kantonye, na ni wao waliotuokoa.

Kantonye anaona maji yanakokwenda kwa sababu yuko hapo mvua ikinyesha. Mashine imeshaondoka.

OperetaKatanga (Lubumbashi)
Dada, pole. Hilo ni kosa la opereta, na ni kosa kubwa. Barabara isiyo na lami inahitaji mgongo: kwa upana wa mita 6, katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 12 mpaka 15, na tuta lisibaki hata kidogo. Opereta akimaliza, mwageni ndoo ya maji katikati. Yakisimama, asiondoke.

MzeeLacVert (Goma)
Bado naitetea greda, lakini iwe ya mwisho. Vunjeni kwanza vichwa vya mawe, kisha leteni kokoto nyeusi za volkeno zitandazwe. Hapo greda imepata chakula.

FundiBirere (Goma)
Mzee wangu, kokoto zile peke yake hazishikani. Moto zikipita siku chache zinahamia pembeni. Lazima zichanganywe na udongo wenye kunata.

OperetaKatanga (Lubumbashi)
Sahihi, na udongo huo uwe na unyevu. Mkisawazisha katikati ya kiangazi, vumbi litapeperuka na ndilo lililokuwa gundi yenu. Ama mlipe gari la maji, ama msubiri mvua mbili tatu za Septemba ndipo greda ije, na roli lifuate siku hiyohiyo. Mwambieni opereta aende polepole. Akikimbia, mashine inadunda na njia inabaki na mawimbi. Upana wa avenyu ni mita ngapi?

ChefuWaAvenyu (Goma)
Asanteni sana. Mita 5, kuna mahali 4 kwa sababu ya kuta.

OperetaKatanga (Lubumbashi)
Itapita, ila haitageuka. Itafanya kazi ikirudi kinyumenyume. Mkubaliane naye mapema, muda utaongezeka.

ChefuWaAvenyu (Goma)
Basi jana jioni tuliketi tena. Kantonye kumi na wawili wataanza Jumatatu kuvunja vichwa vya mawe na kuchimba mashimo ya kupokea maji pale yanapozama kwenye nyufa. Mashine ya nyundo tutaikodi siku moja, kwa zile sehemu mbili zilizoganda. Kokoto na udongo Agosti, greda na roli siku moja Septemba. Dada Kadutu, kantonye wawili tutawabakiza mpaka Desemba. Kesho natembea na vijana wawili na kopo la rangi, tuweke alama juu ya kila bomba.