Naomba ushauri: kimiminika cha ioni ndani ya mkaa amilifu wa vifuu vya nazi

Ndugu wanakemia, habari za kazi. Ninafanya utafiti wa uzamili kuhusu unasaji wa kaboni dayoksaidi kwa mkaa amilifu (mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vidogo mno) wa vifuu vya nazi uliotiwa kimiminika cha ioni, yaani chumvi ambayo huwa kimiminika hata chini ya nyuzi 100 za Selsiasi. Nimechagua asetati ya imidazoliamu kwa sababu hufungamana na gesi hiyo kikemia, ilhali vimiminika vingi vya jamii hiyo huiyeyusha tu. Lakini mnato wake ni mkubwa na gesi hupenya taratibu, ndiyo maana nataka kitandazwe kama utando mwembamba ndani ya vitundu vya mkaa.

Kinachonitatiza ni vipimo. Baada ya kuuloweka mkaa katika myeyusho wa methanoli na kuukausha ndani ya ombwe, eneo la uso wa mkaa, linalopimwa kwa kiasi cha naitrojeni kinachoshikwa kwenye nyuzi -196, hushuka mno, nami siwezi kuamua kama vitundu vimejaa kweli au kimiminika kimeganda kwa baridi hiyo na kuziba milango ya vitundu hivyo. Je, kupima kwa kaboni dayoksaidi kwenye nyuzi 0 kunatosha kumaliza ubishi huu?

Kwa waliowahi kuifanya kazi hii, mlianza na uwiano gani wa kimiminika kwa uzito wa mkaa, na mliitenganishaje gesi iliyoingia kwenye kimiminika na ile iliyoshikwa na kuta za mkaa wenyewe? Tena asetati hufyonza unyevu upesi (na hewa ya pwani haina huruma), hivyo naomba pia kujua mlivyozihifadhi sampuli kabla ya kuzipima.