Nafasi za kiatamizi: jopo liamue, au wa katikati waingie kwa bahati nasibu?

Mleta hoja

Wakuu, najua wengi mtaipinga hoja hii, ndiyo maana naileta.

Viatamizi vya biashara (vituo vya kulea kampuni changa) vinavyoendeshwa kwa fedha za umma vina nafasi chache na waombaji wengi. Utaratibu tunaujua: fomu, karatasi ya alama, halafu siku moja ya kujinadi mbele ya jopo. Kuna alama za timu, za tatizo linalotatuliwa, za ukubwa wa soko, za bidhaa, na za namna pesa itakavyoingia. Zinajumlishwa. Aliyepata 74 anaingia, aliyepata 73 anaambiwa ajaribu mwakani. Naomba anayeweza anieleze kati ya hao wawili kuna tofauti gani.

Ninachopendekeza ni hiki. Mchujo ubaki, tena uwe mkali: ambaye hajazungumza na mteja hata mmoja, anayegombania hisa na mwenzake kabla hata ya kuuza, anayefuata ofisi ya bure tu, wote watoke. Wale wachache ambao jopo zima linawakubali waingie moja kwa moja. Waliobaki katikati, ambao ndio wengi, waingie kwa bahati nasibu.

Kampuni yenye miezi michache haina hesabu za kukaguliwa. Makadirio ya mapato ya miaka mitano kila mtu anajua yaliandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi. Jopo likikosa cha kupima, linapima mdomo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo maelezo yale yale ya biashara yalisomwa kwa sauti ya mwanamume na kwa sauti ya mwanamke, na wasikilizaji wakapendelea sauti ya kiume. Umri nao hivyo hivyo: tunapenda vijana wadogo, ilhali utafiti mwingine wa huko huko ulikuta waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza.

Hata wenye pesa zao wanakosea. Bessemer, wawekezaji wakongwe, wameweka hadharani orodha ya kampuni walizozikataa: Apple, Google na FedEx zimo. SendGrid, kampuni ya kutuma barua pepe, ilikataliwa na Y Combinator, kituo maarufu cha Marekani cha kulea kampuni changa, ikapokelewa na kingine, Techstars, mwaka 2009, na mwaka 2018 kampuni ya mawasiliano ya Twilio ikatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 2.

Wala si jambo geni. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand limekuwa likigawa baadhi ya ruzuku zake kwa njia hii tangu 2013: maombi yanakaguliwa kama yanakidhi vigezo, yaliyofaulu yanaingia kwenye droo.

Mpinzani

Mkuu, sikubaliani nawe hata kidogo. Jopo kukosea si sababu ya kuacha kufikiri.

Wachukue Airbnb. Ukisoma wazo lao kwenye karatasi, kulaza wageni usiowajua nyumbani kwako, wengi wangelitupa, na Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, mwenyewe hakulipenda. Lakini wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2008 vijana wale walikuwa wametengeneza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye picha za wagombea, wakauza kwa dola 40 boksi moja ili wasifilisike. Hilo ndilo lililomgeuza, akaona watu wasiokufa kirahisi. Wakaingia mwanzoni mwa 2009, na usaili wa pale ni wa dakika kumi tu. Droo yako ingeyaonaje maboksi?

Halafu hizi ni fedha za umma. Mwombaji akiuliza kwa nini alikataliwa, utamjibu kwamba mpira wake haukutoka?

Mleta hoja

Ndiyo, nitamjibu hivyo, na itakuwa kweli. Leo anajibiwa kwamba "ushindani ulikuwa mkubwa", maneno yasiyomsaidia chochote. Na Airbnb kwa utaratibu wangu wangeingia: mwamuzi aliyevutiwa angewapigania kwenye kundi la juu.

Mwamuzi wa zamani

Nimekaa kwenye majopo haya, acheni niseme yanayotokea ndani ya chumba.

Mleta hoja anasema mwamuzi aliyevutiwa angewapigania. Hapana, alama za wastani zingewaua. Mwombaji mmoja anapewa 9 na huyu, 3 na yule. Mwingine anapewa 6 na kila mtu. Wa pili anashinda, kwa sababu hakumkera yeyote. Kampuni changa inayogawanya jopo mara nyingi ndiyo yenye kitu, na hesabu ya wastani imeundwa vizuri sana kuitupa. Dawa yake haihitaji droo: kila mwamuzi apewe haki ya kupitisha mmoja kwa mwaka bila kuomba ruhusa, jina lake liandikwe pembeni, na matokeo yarudi kwake baadaye. Mkitaka kujua nani ana jicho, mtajua.

La pili ni maswali. "Soko lako ni kubwa kiasi gani?" ni swali la bure, kila mtu ana jibu alilolikariri. Mimi nilipenda kuuliza: mteja wako wa mwisho uliyezungumza naye, tatizo hili alikuwa akilimaliza vipi kabla yako, na lilimgharimu nini? Anayejua atakueleza hadi utamwomba anyamaze. Asiyejua ataanza na "watu wengi".

La tatu, usimpime mtu siku moja. Mwone leo, mpe kazi, mwone tena baada ya wiki tatu. Anayeanzia chini akasogea ni bora kuliko aliyesimama juu. Drew Houston wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, aliambiwa atafute mwanzilishi mwenza kwanza. Akampata Arash Ferdowsi, wakaingia Y Combinator mwaka 2007. Wangetumia karatasi ya alama wangemkata nukta za "timu" na hadithi ikaishia hapo.

Mwanzilishi

Namshukuru mwamuzi, ila wiki tatu za kazi ya bure anaziweza mwenye wa kumlisha. Mwenye ajira na watoto anachujwa bila mtu kumkataa. Lipeni hizo wiki, au kazi iwe ndogo.

Kuhusu maswali: mwaka 2018 ulitoka utafiti kuhusu maswali ya wawekezaji kwenye mashindano ya kujinadi huko Marekani. Wanaume waliulizwa zaidi watakavyoshinda, wanawake waliulizwa zaidi watakavyoepuka kupoteza, na walioulizwa ya kushinda walipata mtaji mkubwa zaidi. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Mwanamume aliyenitangulia siku niliyojinadi aliulizwa atapanuka hadi wapi, mimi nikaulizwa nitafanyaje mshindani akishusha bei.

Maswali yawe yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa wote. Droo siitaki. Mwanamke akiingia kwa bahati nasibu, maneno atakayoyasikia nayajua tayari.

Mchangiaji mwingine

Mbona hakuna anayeuliza ni biashara za aina gani? Kuna utafiti uliofanywa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwenye huduma yao ya kulea wajasiriamali: washauri wenye uzoefu waliosoma muhtasari tu wa maandishi waliweza kwa kiasi fulani kutabiri zitakazofika sokoni kwenye nyanja za utafiti mzito kama tiba na nishati. Kwenye programu za kompyuta hawakuweza. Basi jopo libaki kwenye dawa na mashine, droo iende kwenye apu.

Mleta hoja

Hiyo naichukua, na ya maswali sawa kwa wote pia.

Droo bado naing'ang'ania kwa sababu moja ambayo haijajibiwa. Waliopita na waliokosa kwa bahati nasibu wanafanana, kwa hiyo baada ya miaka mitatu unawalinganisha na kujua kama kiatamizi kinasaidia au kinajisifia watu ambao wangefanikiwa hata bila chenyewe. Start-Up Chile, mpango wa serikali ulioanza 2010 ukitoa dola 40,000 bila kuchukua hisa, ulichunguzwa na watafiti. Waliopata pesa na meza tu hawakuonyesha tofauti. Tofauti ilionekana kwa waliowekewa na malezi ya karibu juu yake. Wangapi wetu tunabishania mlango wakati ndani hakuna malezi?

Mpinzani

Kufuatilia waliokataliwa nakuunga mkono. Droo hapana. Ila niambie, nani atapokea simu ya kituo kilichomkataa?

Mwamuzi wa zamani

Simu haihitajiki. Wekeni kwenye fomu idhini ya kuangalia, kila mwaka kwa miaka mitano, kama kampuni bado ipo kwenye daftari la usajili na ina waajiriwa wangapi. Asaini kabla hajajua kama ameingia.