Kikundi: Watoto wa Bibi Zuhura

*Jumanne*

Shangazi Rehema 18:08
Assalam alaykum wote. Gari la Hamisi, ambalo pia litampeleka Mama kliniki, limepatikana. Ford Crown Victoria ya 2010, lilikuwa la polisi, kaunti inaliuza mnadani. Dau sasa dola 1,900. Mnada unafungwa Alhamisi saa kumi jioni. Kila mtu aseme anatoa ngapi.

Shangazi Rehema 18:31
Tiki za buluu naziona. Mmesoma.

Hamisi 18:33
Shikamoo Shangazi. Mimi nalitaka. V8!!

Ba' Mdogo Idi 18:40
Kimulimuli kimo? Niwahi kazini 😂

Shangazi Rehema 18:41
Ukikiwasha barabarani utalala ndani. Wameshang'oa. Taja kiasi.

Juma Fundi 21:52
Shikamooni wakubwa, ndiyo natoka gereji. Uzuri wake: ile ya polisi ina chesisi kama ya pikapu, injini V8 lita 4.6, rejeta ya kazi nzito, springi ngumu. Spea bado ni rahisi kupata ingawa waliacha kuliunda 2011. Na polisi hubadilisha oili kwa ratiba, si kama nyie. Maili ngapi?

Hamisi 21:53
118,000

Juma Fundi 21:57
Hizo peke yake zitakudanganya. Askari anakaa kwenye gari zamu nzima, limesimama na injini inaunguruma. Ford wenyewe hukadiria saa moja ya hivyo ni kama maili 33. Wameandika saa?

Hamisi 21:59
Za kusimama 4,000

Juma Fundi 22:01
Hiyo ni 132,000 nyingine. Injini ihesabu ina 250,000.

Ba' Mdogo Idi 22:02
Kumbe limemzidi Rehema kidogo tu 😂

Shangazi Rehema 22:03
Idi, wewe hujatoa hata senti tangu ile vani.

Ba' Mdogo Idi 22:03
Vani imeingiaje hapa?

Shangazi Rehema 22:05
Tulichanga wote, ikaishia uani kwako, na risiti mpaka leo hatujaziona.

Ba' Mdogo Idi 22:06
Risiti alikuwa nazo Saidi.

*Saidi ametoka kwenye kikundi*

*Shangazi Rehema amemwongeza Saidi*

Juma Fundi 22:14
Jamani, gari. Ubaya wake sijamaliza. Paani hubaki matundu ya taa, yakizibwa ovyo mvua inawanyeshea ndani. Chini ya dashibodi waya zimekatwakatwa. Niliwahi kuhangaika na moja betri inakufa kila usiku, kumbe waya wa redio uliachwa unanyonya. Tairi za nyuma ndizo zinasukuma, theluji ikianguka Hamisi atacheza densi. Petroli linakunywa, mjini maili 16 kwa galoni, labda. Kiti cha nyuma kigumu, na mara nyingi milango ya nyuma haifunguki kwa ndani.

Ba' Mdogo Idi 22:16
Haifunguki?? Basi Rehema akae nyuma mpaka atupe nasi zamu ya kuongea 😂😂

Hamisi 22:16
😂😂 na njiani watu watapunguza mwendo wakituona

Dada Mwanaidi 22:18
Wakimwona dereva wataongeza

*Jumatano*

Bibi Zuhura 05:47
🎤 0:38

Dada Mwanaidi 07:15
Kwa walio kazini, Bibi amesema hivi: "Nimesikia mnavyocheka habari ya mlango. Mnajua marehemu alivyochukuliwa, na alikalishwa wapi. Mimi nyuma ya gari hilo sikai. Nunueni mkitaka, ila msiseme ni langu."

Shangazi Rehema 09:02
Shikamoo Mama. Tumekusikia.

Ba' Mdogo Idi 09:40
Shikamoo Mama. Utuwie radhi.

Juma Fundi 12:30
Shikamoo Bibi. Mlango naweza kuurekebisha ufunguke ndani, si kazi kubwa

Dada Mwanaidi 12:31
Juma. Si habari ya mlango.

Hamisi 12:44
Basi tuache?

Shangazi Rehema 12:50
Hakuna aliyesema tuache. Wewe unahitaji gari. Mama atapelekwa na Mwanaidi.

Dada Mwanaidi 12:51
Nani kaniuliza?

Shangazi Rehema 12:53
Juma, kesho kalione kabla dau halijafungwa. Wanaruhusu kuwasha injini, kuliendesha hapana, na ukishanunua hakuna kurudisha. Angalia paa. Tusivuke 2,500.

Juma Fundi 13:10
Kesho nina zamu mpaka saa nane, Shangazi. Nitajaribu.

Saidi 23:20
Natoa 100. Ya vani tuongee pembeni.

Shangazi Rehema 23:21
Tutaongea hapa hapa.

*Alhamisi*

Hamisi 15:22
Kaka Juma umefika? Dau 2,350

Hamisi 15:41
2,450

Shangazi Rehema 15:43
Juma pokea simu.