Nywele za binti wa dadangu zinanyonyoka, na shingoni kumeota malaika

MsusiKisauni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni msusi, mwaka wa 14 huu nasuka hapa Kisauni. Kichwa ninachokijua kuliko vyote ni cha binti wa dadangu. Ana miaka 17, na mistari yake ya kwanza niliichora mimi. Nywele zilikuwa nzito mpaka vibanio vikivunjika. Sasa nikimchana, kitana chatoka kimejaa.

Mamake asema ni maji ya kisima, kwa kuwa maji ya kwao yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Mimi sikubali. Unywele ulioharibiwa na maji au dawa hukatika katikati, ukifagia waokota vipande vifupi. Hizi zatoka nzima, na kila mmoja mwishoni una kijichwa cheupe. Wala dawa ya kulainisha hajatiwa tangu azaliwe.

Lililonitisha ni la Jumamosi. Nilimwinamisha nianze mistari ya nyuma, nikaona shingoni kushuka mgongoni kumeota malaika, vile vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Mashavuni pia. Kichwani zatoka, mwilini zaota! Vidole vyake baridi, na jua lile la saa nane yeye kavaa sweta ndani ya buibui.

Huyu ndiye alikuwa akimaliza mahamri na mbaazi kisha aniulize kama kumebaki. Baada ya Ramadhani alifunga sita, nikafurahi. Sita zikaisha, akafunga Jumatatu na Alhamisi. Sasa ni kila siku, na wakati wa kufuturu asema amekula kwa rafiki. Ajiona mnene, nami namhesabu mifupa ya shingo. Juzi kanambia kwa sauti ndogo kuwa hajaona siku zake mwezi wa nne huu.

Je, kutokula kwaweza kuleta haya yote? Nimpake nini? Na nianze vipi kumwambia asinikimbie?

BintiLikoni

Pole sana dada. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, uchanganye na ya habasoda, umsugue usiku. Mimi yalinisaidia nilipojifungua. Na asomewe pia, msichana mzuri kama huyo huenda ni kijicho.

NiliponaTudor

Aleikum salam khalati. Nimesoma pale pa malaika nikalia, maana mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na miaka 19, na nyumbani hakuna aliyejua kuwa jambo lile lina jina. Laitwa anoreksia. Ni ugonjwa wa akili unaokamata mwili, si maringo wala ukaidi.

Mafuta hayadhuru, lakini hayatarudisha kitu, kwa sababu kichwa hakina kosa. Daktari alinieleza hivi. Chakula kikiwa haba, mwili hufanya kama mama mwenye shilingi mia mbili na watoto sita: hulisha moyo na ubongo kwanza, nywele hazimo kwenye hesabu. Nyingi huacha kukua kwa pamoja, hupumzika miezi miwili au mitatu, kisha zadondoka. Mtu mzima wa afya hupoteza kama 50 hadi 100 kwa siku. Mimi nilikuwa nikiziba tundu la bafu. Kwa hiyo, khalati, zinazobaki kwenye kitana chako leo ni za njaa ya miezi iliyopita.

Na yale malaika? Mafuta ya chini ya ngozi yakiisha, mwili hupoteza joto, ndipo huota vinyweleo vile. Mimi nilikuwa nikilala na blanketi mwezi wa Februari, Mombasa hii.

Nitakwambia lililoniuma zaidi. Nilipoanza kula, nywele ziliendelea kutoka wiki kadhaa, nikaona kumbe kula ndiko kunakonimaliza. Karibu niache. Muambie mapema kuwa ndivyo ilivyo, zile zilishaamuliwa zamani. Zangu zilianza kuota tena vijinywele vifupi kwenye paji la uso, kama sentimita moja kwa mwezi, na leo zafika mabegani.

Mifupa ndiyo haikurudi sawa. Hedhi ilipokoma, homoni inayolinda mifupa ilishuka nayo, na umri ule ndio wa kujenga mifupa ya maisha yote. Nina miaka 26, na kipimo chaonyesha nyonga na uti wa mgongo vimedhoofika. Usiache mwezi wa tano ufike.

Ukimuongelesha, usitaje unene wala wembamba. Hata ukimwambia "umekonda sana", ugonjwa husikia sifa. Muambie vidole vyako vimeona nini.

MuuguziPwani

Dada, nakuomba usingoje. Nywele zaonekana, lakini moyo ndio unaonitia hofu. Mtu asiyekula muda mrefu mapigo hupungua na presha hushuka. Shika kifundo cha mkono wake akiwa ametulia, uhesabu dakika nzima. Kawaida ni 60 hadi 100. Akiwa chini ya 50, au akizimia, au moyo ukimdunda ovyo, nenda dharura siku hiyo hiyo. Sisi wa Mombasa tuna Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani.

Waombe kipimo cha umeme wa moyo, na damu iangaliwe madini ya potasiamu, fosfeti na chuma, pamoja na tezi ya shingo. Mwambieni daktari kama hutapika, kwani kutapika humaliza potasiamu, na hiyo yaweza kusimamisha moyo. Damu ikitoka safi pia msiseme amepona, mara nyingi hutoka safi.

La mwisho, na nalisisitiza kwa kuwa nawajua kina mama wetu: msimwekee sinia ya biriani kwa furaha siku anapokubali. Mwili uliokaa na njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, fosfeti ya damu huporomoka, na watu hufa hivyo. Aanze kidogo kidogo, hospitali ikimwangalia.

Kuhusu saumu, shehe yeyote atamwambia kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula hata Ramadhani, sembuse sunna.

MsusiKisauni

Nimerudi. Allah awalipe nyote. Jana nilimwita kama namfumua tu. Nikamwambia, "Mwanangu, mikono hii imekujua tangu hujaweza kusema, na yaniambia wewe waumwa." Hakujibu. Nikaendelea kufumua. Nilipofika mstari wa tatu akasema, "Khalati, naogopa kula na naogopa kufa." Nilikaa naye chini sakafuni.

Nilihesabu mapigo, 46. Nikahesabu tena, 46. Tulichukua tuktuk mimi, yeye na mamake usiku ule ule. Wamemlaza. Potasiamu iko chini, na leo alfajiri amekunywa nusu kikombe cha uji mbele ya muuguzi. Mamake ashika lile sweta tu, hazungumzii tena maji ya kisima.

Ameniuliza kama nitamsuka akitoka. Nimemwambia hakuna kukaza mpaka ziote, nitamfungia leso.