Familia ya Igurusi 🌾

ALHAMISI

19:42 Neema: Mwagonile wapendwa. Naomba kila mtu asome hii mpaka mwisho, isiwe kama ile ya mchango wa paa. Mwenyekiti wa kitongoji kampigia Mama simu, mthamini wa fidia ya upanuzi wa barabara anapita upande wetu Jumamosi saa tatu asubuhi. Nyumba ya Mama imepigwa X ya kijani. Fremu za biashara zimepigwa X nyekundu. Zote sita.

19:43 Neema: [Picha 3]

19:58 Neema: Mmeona?

20:21 Neema: Tiki za bluu naziona jamani. Watu kumi na wanne mmesoma mkanyamaza.

20:24 Shangazi Bupe: Amina. Bwana awatangulie

20:25 Lusajo: Bibi hiyo X sio ya maombi 😂

20:31 Ayubu: Nyekundu maana yake nini hasa

20:36 Neema: Kaka Ayubu maana yake unaijua ila ngoja niiandike ili wote waione. Hifadhi ya barabara kuu zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, unahesabu kuanzia katikati ya lami. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipeleka mita 30. Aliyekutwa kihalali ndani ya zile 7.5 zilizoongezwa, huyo barabara imemfuata, anapata kijani na analipwa. Aliye ndani ya 22.5 yeye ndiye kaifuata barabara. Nyekundu. Anabomoa kwa nguvu zake na halipwi.

20:38 Ayubu: Nani kapima. Kwa kamba ya nani

20:40 Lusajo: Nimepima mimi jioni hii baba mkubwa. Kwa hatua. Mlango wa fremu ya kwanza hatua 17, ukuta wa sebule ya bibi hatua 25. Nilipoanzia katikati ya lami lori la mafuta likanipigia honi nikasahau hesabu nikaanza upya

20:41 Ayubu: Hatua za mtu mrefu zinazidi mita. Hizo 17 zinaweza kuwa 23

20:41 Lusajo: Hapo nitakuwa twiga 😂😂

20:42 Atupele: 😂😂😂

20:42 Tuntufye: Twiga wa kiatu namba 44

20:44 Neema: Tafadhali. Turudi kwenye mada. Jumamosi vinahitajika: kitambulisho cha Mama cha NIDA, barua ya usimamizi wa mirathi, hati ya kimila ya kiwanja. Mama mwenyewe awepo, apigwe picha mbele ya nyumba, asaini. Nauliza kwa upole, faili la mirathi liko wapi? @Gwamaka mara ya mwisho lilikuwa kwako.

20:59 Neema: @Gwamaka

21:03 Atupele: Da Neema kwani wanalipa nini na nini? Nauliza tu

21:11 Neema: Nyumba na miti kwa thamani ya soko, ardhi, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, na usafiri wa kuhama wa tani 12 kwa kilomita 20.

21:12 Lusajo: Tani 12!! Bibi ana masufuria matatu na Biblia

21:12 Tuntufye: Usisahau ile kabati

21:13 Atupele: Ile kabati peke yake tani 7 😂

21:13 Lusajo: Na jogoo. Jogoo naye ahesabiwe, ni mzigo

21:15 Shangazi Bupe: Kabati ile ni ya mahari yangu msiicheke

21:20 Neema: Sawa tumecheka. @Gwamaka faili.

22:02 Ayubu: Mimi naona mnashangilia fidia ya nyumba wakati fremu ndizo zimelisha ukoo huu. Duka la pembejeo pale, M-Pesa pale, saluni, mama ntilie. Ada za watoto wa watu zimetoka pale. Wakija Jumamosi tuongee sauti moja, fremu na nyumba ni mali moja, boma moja

22:06 Neema: Sio moja kaka. Nyumba ilikuwepo, fremu zilikuja baada ya msiba. Na kwa vile umegusa ada na mimi niguse mabati.

22:07 Ayubu: Mabati yapi

22:07 Neema: Mabati 48 ya geji 30. Unayakumbuka.

22:09 Shangazi Bupe: Msianze

22:10 Ayubu: Mabati yale tulikubaliana mbele ya mzee

22:11 Neema: Mzee alikuwa hasemi tena siku hiyo.

22:12 Shangazi Bupe: NIMESEMA MSIANZE

22:30 Tuntufye: Jamani usiku mwema, kesho kazini

IJUMAA

05:48 Shangazi Bupe: Asubuhi ni zawadi, ifungue kwa shukrani 🌹🌹🌹 Mtumie mtu kumi uwapendao

09:15 Lusajo: Naomba nisitajwe kuwa nimesema. Kuna fundi anapiga plasta fremu ya tano na ya sita

09:16 Lusajo: Na anaziba X

09:16 Atupele: Lusajo umesema kwenye kikundi chenye baba mkubwa wako 😂

09:17 Lusajo: Daah

09:18 Lusajo: [Ujumbe huu umefutwa]

09:25 Neema: Kaka Ayubu, nakuheshimu. Plasta haigeuzi nyekundu kuwa kijani. Ukiendelea kujenga mbele ya mthamini unamharibia Mama, wataona boma zima ni la wajanja. Mwambie fundi ashuke.

09:40 Ayubu: Fundi nimeshamlipa. Siku nzima

09:41 Tuntufye: Basi apige plasta choo cha bibi 😂

09:52 Ayubu: Halafu mniambie barabara yenyewe ni ya nini. Kutoka Igawa mpaka Tunduma kilomita 218, wakitanua yote magari yatakimbia kama ndege. Sasa hivi angalau lori likifika kijijini linapunguza. Nyuma tuna reli ya TAZARA, mbele barabara ya njia nne. Sisi tutaishi katikati kama kuku wa kizuizini

09:58 Neema: Mimi naishi Uyole kaka. Kabla hawajaanza njia nne ya Uyole hadi Ifisi, kilomita 29 tu, nilikuwa natoka nyumbani giza ili nifike mjini na jua. Bodaboda, daladala, lori la saruji, lori la shaba, mgonjwa anakimbizwa Rufaa, wote kwenye lami moja yenye njia mbili. Vumbi la ujenzi limenila lakini siombi wasimame.

10:04 Ayubu: Uyole mjini. Sisi vijijini

10:31 Mama Lusajo: Ipyana hakuuawa na mwendo. Basi lilitaka kulipita lori, likakosa pa kurudi.

10:31 Mama Lusajo: Ndio mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuongea hapa.

11:50 Tuntufye: Pole sana shemeji

12:14 Neema: Tupokigwe, nisamehe. Nitakupigia.

13:37 Gwamaka: Habari za humu. Nilikuwa sina bando, niko foleni Tunduma tangu juzi. Tangu kifunguliwe kituo cha pamoja na Nakonde mwaka 2019 makaratasi yamekuwa afadhali lakini malori nayo yameongezeka, mkia wa foleni siuoni

13:38 Gwamaka: Nimesoma yote. Hilo la twiga nimecheka mpaka utingo kaamka

13:44 Gwamaka: Kuhusu barabara niwape ya dereva. Ukiwa na mzigo Mlima Nyoka unaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yako kuna Noah, Costa, IT (yale magari yanayopelekwa nje ya nchi), kila mmoja anachungulia pembeni. Wa kwanza akipita salama, wa pili anamfuata bila kuangalia. Huyo wa pili ndiye anayekutana na mwenzangu anayeshuka na breki za moto. Na lori likiharibika unakata matawi unayatandika barabarani, usiku tawi nani analiona. Wangeweka njia ya tatu ya kupandia kwenye milima peke yake, nusu ya presha yangu ingeisha

13:47 Gwamaka: Lakini kaka Ayubu naye ana neno. Njia nne katikati ya kijiji bila tuta, bila kivuko, bila njia ya pembeni ya bodaboda na baiskeli, watoto wa shule watavukaje. Mtu anayevusha gunia la mpunga kwa baiskeli je. Hilo ndilo la kumuuliza mtaalamu wa barabara akija. Mthamini kazi yake ni kuhesabu miti

13:49 Neema: Ahsante mdogo wangu. Na faili?

13:49 Neema: Gwamaka?

13:52 Neema: Jamani alikuwa hewani sasa hivi.

15:20 Neema: Naweka hivi. Jumamosi wawepo: Mama, mimi, kaka Ayubu, Lusajo kwa picha. Kila mmoja atume elfu kumi ya nauli na chakula cha wageni. Fremu hatutazitaja. Mtu akiulizwa aseme mwenyewe ni nani. Nani anakubali?

15:21 Atupele: 👍

15:40 Shangazi Bupe: Elfu kumi kila mtu au kila nyumba

16:05 Lusajo: Mimi natoa picha, nisitoe hela

17:12 Babu Asajile: MWAGONILE WATOTO. HII SIMU NI YA ATUPELE ANANISHIKIA

17:12 Babu Asajile: NIMESOMEWA YOTE TANGU JANA

17:19 Babu Asajile: MWAKA 1966 NILIKUWA KIJANA HAPA IGURUSI NACHOTA MAJI YA KUPOZEA REJETA ZA MAGARI YA MAPIPA YA MAFUTA YANAKWENDA ZAMBIA BAADA YA SMITH KULE RHODESIA KUJITANGAZIA UHURU. BARABARA ILIKUWA VUMBI NA MVUA IKINYESHA YALILALA HAPA HAPA. WALIKUFA WATU WENGI NJIA HII KABLA NYIE HAMJAZALIWA. LAMI IMEKUJA TUMEIONA. SASA INAKUJA YA PILI MNAIONA NYIE

17:24 Babu Asajile: KAKA YANGU ALIPOPANDA MIKARATUSI MBELE YA NYUMBA ALISEMA KUTOKA MIKARATUSI KWENDA LAMI SIO KWETU NI KWA SERIKALI. NILIKUWEPO. AYUBU ULIKUWEPO ULIKUWA DARASA LA TANO WEWE NDIYE ULISHIKA MWISHO WA KAMBA

17:25 Babu Asajile: FREMU ZIKO UPANDE GANI WA MIKARATUSI

17:31 Babu Asajile: NA JAMBO LA PILI. KABURI LA KAKA NA LA IPYANA YAKO UBAVUNI MWA NYUMBA NDANI YA HIZO MITA 30. TANGU JANA MMETAJA MASUFURIA MABATI KABATI JOGOO. KABURI HAKUNA ALIYETAJA

18:40 Tuntufye: Kweli babu

19:02 Neema: Baba mdogo, shikamoo. Tumekosea. Nililiwaza nikaogopa kuliandika. Kuna sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, ndugu wanashirikishwa na gharama hailipi familia. Nitamuuliza mthamini ayaandike kwenye fomu.

19:08 Babu Asajile: MIMI SIJAULIZA SHERIA

19:08 Babu Asajile: MAMA YAKO NA TUPOKIGWE WAMEULIZWA

19:30 Neema: Bado.

19:31 Babu Asajile: BASI KESHO MTU ASISAINI LA MAKABURI. LA NYUMBA MAMA YENU AAMUE MWENYEWE SIO KIKUNDI. NDAGA

21:15 Shangazi Bupe: Ndaga fijo mdogo wangu

JUMAMOSI

06:20 Neema: Niko stendi Uyole. Nani kashafika nyumbani?

06:41 Neema: Elfu kumi zimefika za watu wawili.

06:55 Gwamaka: Samahani jana chaji iliisha. Faili la mirathi nililiacha kwa Shangazi Bupe siku ya arobaini, liko chini ya kitanda

06:58 Shangazi Bupe: Kitanda kipi

06:59 Gwamaka: Cha chumba cha wageni shangazi

07:03 Shangazi Bupe: Kile kitanda nilikigawa Chimala

07:03 Lusajo: 😂😂😂 samahani. Samahani sana

07:04 Neema: Na vilivyokuwa chini yake??

07:10 Shangazi Bupe: Ngoja niwapigie

07:35 Mama Lusajo: Nimefika kwa Mama. Tumekaa nje tunaangalia mikaratusi. Amesema nyumba atasaini, kwa hilo lingine tumwache kwanza.

07:36 Mama Lusajo: Na mimi naomba kuachwa kwanza.

07:52 Neema: Sawa Tupo. Sawa kabisa. Kaka Ayubu uko wapi?

08:14 Neema: @Ayubu

08:31 Ayubu: Niko kwenye fremu naongea na wapangaji

08:33 Ayubu: Kamba ya mzee ninayo. Ilikuwa stoo

08:34 Neema: Kaka wenzetu wana vifaa vyao, kamba haihitajiki.

08:34 Ayubu: Najua

08:50 Lusajo: Baba mkubwa ameniita nishike mwisho wa kamba. Naenda. Mniombee na malori

09:22 Neema: Basi limesimama Inyala, lori limekufa mbele yetu, magari yanapita kwa zamu upande mmoja. Mthamini akifika mwambieni asubiri.

09:40 Atupele: Mwenyekiti anasema mthamini naye yuko kwenye foleni hiyo hiyo

09:41 Tuntufye: Da Neema mtafute humo kwenye foleni umpe kitambulisho 😂

10:05 Shangazi Bupe: Chimala wanasema kuna mfuko wa kijani ila wameweka mbegu za mahindi ndani

10:06 Neema: Makaratasi je?

10:30 Neema: Shangazi makaratasi je?