Wakuu naombeni msaada, seva ya duka imegoma kuwaka baada ya apgredi na bosi anarudi leo jioni

Mkunazi_Mkavu
Habari za alfajiri wakuu, samahanini kwa maelezo marefu, sijalala. Nafanya kazi duka la dawa la jumla hapa Tanga, Ngamiani. Tuna seva, ni desktopu tu ya zamani imekaa chini ya kaunta karibu na maboksi ya dripu, ina Ubuntu 20.04 (Linux hiyo), ndani kuna mfumo wa mauzo na stoku, kompyuta tatu za mbele zinaingia kwa brauza. Jana Jumamosi baada ya kufunga nikaamua niiapgredi maana 20.04 iliishiwa sapoti ya kawaida mwezi wa 5 mwaka 2025 na kila nikiingia inanikumbusha kama mdai. Katikati ya apgredi umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, inamwaga maandishi meupe kwenye weusi, mwisho kabisa "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs", halafu taa ya kapsloku inapepesa basi, haendi mbele harudi nyuma.
Swali langu ni moja tu: nikifomati nikaweka Ubuntu mpya, huo mfumo utakubali kukaa? Fleshi ya kuinstolia ninayo tayari. Bosi wangu Hajati yuko Dar harusini, anarudi leo. Majibu haraka tafadhali, matusi baadaye.

Shombo_la_DeepSea
Mimi ningekuwa wewe saa hizi niko Kange nakata tiketi.

KobeWaDuga
Usifomati. Rudia kusoma: USIFOMATI. Hiyo panic haina maana diski imekufa. Keneli mpya, yaani kiini cha Ubuntu, imeshakaa lakini initrd yake, lile faili la kuisaidia kuwaka, haikumalizika kutengenezwa, kwa hiyo keneli inaamka haioni diski pa kushika. Zima, washa, shikilia Shift, na kama mashine ni ya UEFI gonga Esc. Menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha) ikija ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani. Halafu nijibu mawili: ulitumia do-release-upgrade, ile komandi rasmi ya kupanda toleo, au ulifanyaje, na bakapu ya databesi iko wapi?

NahodhaMstaafu
Mwaka 1998 nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge, kompyuta ilikuwa moja ofisi nzima, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na mke wa meneja, na kuifunua kwenyewe ni mpaka unawe mikono. Siku moja ikazima na mishahara ya wakata mkonge iko ndani, Ijumaa, watu wamejaa nje chini ya mwembe. Meneja wala hakushtuka, akafungua kabati akatoa daftari kubwa lenye jalada jekundu, tukalipa mpaka magharibi. Hivi nyie vijana daftari mlilitupa wapi?

Mkunazi_Mkavu
Asante mkuu Kobe. Bakapu ipo ipo. Ila naomba turudi kwenye swali, nikifomati mfumo utakaa? Maana nimeshafika ile hatua ya kuchagua diski, kidole kiko juu ya Enter.

KobeWaDuga
TOA KIDOLE. Na "ipo ipo" ndiyo nini, ipo au haipo?

Fundi_Simu_Makorora
Wekeni Windows mpumzike jamani, dunia nzima inatumia. Mwenye shida ya kufungua mfumo aje PM, bei maelewano.

Mkunazi_Mkavu
Bakapu ilikuwepo. Ya mwezi wa 4. Ilikuwa kwenye fleshi.

KobeWaDuga
Fleshi ipi?

Mkunazi_Mkavu
Hii niliyoweka Ubuntu.

Shombo_la_DeepSea
🤣🤣🤣 narudia, Kange, madirisha yanafunguliwa saa 11.

UstadhiWaMikanjuni
Mimi sijui kompyuta lakini nauliza, huyo Hajati alikuruhusu? Mali ya mtu ukiachiwa ni amana. Hata mkokoteni wa watu huwezi kuubadilisha magurudumu usiku bila mwenyewe kujua halafu asubuhi ukasema ulikuwa unautengeneza. Na wewe hapo dukani ni nani hasa, fundi wao?

Mkunazi_Mkavu
Mimi ni keshia ila Linux naijua, nimejifunza mwenyewe miaka miwili sasa. Ustadhi, Hajati hajui hata Ubuntu ni nini, kwake ni "ile mashine ya chini". Aliyetengeneza mfumo alihamia Mwanza na kila ukimpigia anataka hela kabla hajasema aleikumsalamu. Kama ningengoja ruhusa tungengoja mpaka tuingiliwe na wezi wa mtandaoni. Kwa hiyo nia ilikuwa safi.
Mkuu Kobe, kuhusu swali la kwanza, sikutumia do-release-upgrade. Niliona inakula muda, inakupeleka 22.04 kwanza ndiyo uende 24.04. Nikafungua sources.list, faili la mahali pakeji zinapotoka, nikabadilisha kila penye focal (jina la 20.04) nikaandika noble (jina la 24.04) nikapiga apt full-upgrade. Nilisoma mahali mtu alifanya hivyo ikakubali.

KobeWaDuga
Mwanangu.
Sikiliza. Ubuntu hairukwi hivyo. Toleo la LTS, la sapoti ndefu, unapanda ngazi moja moja, 20.04 kwenda 22.04, ndipo 24.04. Ile do-release-upgrade unayoiona inachelewa ndiyo inayozima hazina za nje, inakagua nafasi ya diski, na ukiwa umeingia kwa mbali kwa SSH inafungua mlango wa akiba, poti 1022, ili ukikatika urudi. Wewe umeichukua libc 2.31, maktaba ambayo karibu kila programu inaitegemea, ukaisukumia 2.39 kwa mpigo mmoja na pakeji nusu za 2020 nusu za 2024, hapo dpkg, mwenye kuinstoli pakeji, lazima achanganyikiwe.
Na jingine ambalo hukuliuliza: hata kama apgredi ingefika mwisho salama salimini, duka lisingefunguka leo. 20.04 inakuja na PHP 7.4, lugha ya kuandikia mifumo ya brauza, 24.04 inakuja na PHP 8.3. Mfumo wa kuchonga wa mtu aliyehamia Mwanza, nakuapia una vitu ndani ambavyo PHP 8 ilishavifuta. Na hilo la sapoti, ungeiunganisha na Ubuntu Pro, bure mpaka mashine 5, ungepata viraka vya usalama mpaka 2030 bila kugusa kitu.

Bi_Kidawa_Msambweni
Nimekuja kwa sababu ya kichwa cha habari nimebaki kwa sababu ya huyo meneja na daftari jekundu. Nahodha malizia basi, kompyuta iliwaka?

NahodhaMstaafu
Haikuwaka. Kulikuwa na mjusi kwenye pawa.

Jirani_Barabara9
Ngojeni kwanza. Mnahangaika mtu anawachezea hapa. Umeme ulikatika saa ngapi? Mimi nakaa barabara ya 9 Ngamiani, jana nimekesha mpaka saa 8 usiku, jirani zangu wana rusha roho spika zimefunguliwa kama mdomo wa mamba, na feni yangu haikusimama hata sekunde moja. Ngamiani gani hiyo ya umeme kukatika? HII NI CHAI.

Shombo_la_DeepSea
Chai ya tangawizi. Na akaunti ya mleta uzi ni ya juzi.

Fundi_Simu_Makorora
Mimi nilishaona toka mwanzo. Taa ya kapsloku tangu lini ikapepesa? Nimetengeneza kompyuta miaka sita sijawahi kuona. Mtu katunga kakaa zake Sahare anatucheka.

KobeWaDuga
Fundi, taa inapepesa kwa panic, ila kibodi iwe ya zamani, PS/2, ile ya plagi ya duara. Kibodi za USB kwa kawaida hazipepesi. Mkunazi, kibodi yako ina plagi ya aina gani? Usigoogle, inama uangalie.

Mkunazi_Mkavu
Ya duara. Rangi ya zambarau. Pini moja ilikuwa imepinda nikainyoosha na kibanio cha nywele mwaka jana.

KobeWaDuga
Huyu hajatunga. Huwezi kutunga kibanio.

Jirani_Barabara9
Kibodi sawa. Umeme je? Jibu la umeme sijalisikia.

Bi_Kidawa_Msambweni
Kanyamaza dakika arobaini sasa.

Mkunazi_Mkavu
Umeme haukukatika.
Nimeona aibu kuandika. Ilikuwa inaenda vizuri, mistari inapita nikafurahi, nikaenda hapo nje kula mishkaki. Nimerudi imesimama. Kwenye skrini kuna maneno kuhusu faili la mysqld.cnf, la mipangilio ya MySQL inayotunza databesi, kwamba limebadilishwa, halafu mistari yenye Y, N, D na Z, chini kuna alama ya kuuliza na kile kikursa kinapepesa. Nikasema itaendelea. Nikakaa. Saa nzima haijasogea, nusu saa nyingine, hola. Nikajua imeganda nikashika swichi ya nyuma nikaizima. Ndiyo hivyo.

KobeWaDuga
Haikuganda. Ilikuwa inakuuliza swali.
Fundi wa Mwanza alibadilisha faili la MySQL, sasa pakeji mpya inakuja na faili lake, dpkg anauliza nibakize lenu au niweke langu? Ungegonga Enter tu ingebakiza lenu ikaendelea na safari. Ilikaa pale saa moja na nusu inakusubiri.

Shombo_la_DeepSea
Saa moja na nusu mnatazamana kama bwana harusi na bibi harusi.

UstadhiWaMikanjuni
Amesema ukweli, acheni kumcheka. Ila amana iko palepale.

Mkunazi_Mkavu
Nimefanya ile ya Shift. Menyu imekuja, nimechagua keneli ya 5.4, IMEWAKA, imeniomba paswedi! MySQL yenyewe haikuwaka lakini nimo ndani. Sasa nipige dpkg --configure -a? Naona inaniambia nipige hiyo.

KobeWaDuga
Siyo sasa. Hiyo komandi itaendelea kusukuma pakeji za noble pale ulipoziachia, na kitu cha mwisho unachotaka iguse ni MySQL. Kwanza hakikisha MySQL imesimama kabisa, halafu kopi folda zima la /var/lib/mysql. Zima lote, na ibdata1 na yote yaliyomo, usije ukachukua lile lenye jina la duka peke yake ukadhani umepona, halifunguki bila wenzake. Kopi na /var/www (faili za mfumo wenyewe) na /etc (mipangilio). Una eksteno?

Mkunazi_Mkavu
Sina. Nina fleshi hii moja tu. Maduka ya simu Jumapili yanafungua saa 4 na nimebakiwa na elfu saba.

Jirani_Barabara9
Duka liko barabara ya ngapi?

Mkunazi_Mkavu
Ya 12.

Jirani_Barabara9
Nina eksteno ya tera moja imejaa tamthilia za Kituruki, nafasi haikosi. Na laptopu ina Ubuntu 24.04. Nikifika nikakuta hakuna seva nakuja kukuanika humu na picha.

NahodhaMstaafu
Muangalie na mjusi.

Jirani_Barabara9
Wakuu niko dukani. Seva ipo, iko chini ya kaunta kama alivyosema, juu yake kuna boksi la glovu na kibao cha "tumefunga". Kijana macho mekundu kama mvuvi wa dagaa. Databesi yenyewe haifiki hata giga 3, tumekopi kwa dakika chache. Kobe, laptopuni kwangu nimeweka MySQL 8.0 nikalitupia folda lote, inakataa kuwaka.

KobeWaDuga
Umiliki wa faili. chown -R mysql:mysql kwenye hilo folda, jaribu tena. Toleo la laptopu ni la juu au sawa na la seva kwa hiyo halitagoma kwa hilo.

Jirani_Barabara9
Imewaka. Na chai nimeikuta kweli, mama wa nje katuletea ya mkandaa na vitumbua vinne, kijana hali, anatazama skrini tu.

Mkunazi_Mkavu
Nimeona mauzo ya mwisho. Jumamosi saa 1 na dakika 52 usiku, paracetamol boksi 3, taslimu, jina langu ndiyo keshia. Ipo yote mpaka tarehe za kuisha dawa. Wakuu sina cha kusema.

KobeWaDuga
Sasa fomati. Weka 20.04 ileile, rudisha folda, rudisha /var/www, angalia kwenye /etc alichobadilisha fundi wa Mwanza mkirudishe. Mambo ya 24.04 mtayaongea na Hajati siku nyingine, akiwa amekaa.

Mkunazi_Mkavu
Kwa hiyo kumbe mwishowe tunafomati? Si ndicho nilichouliza alfajiri?

Shombo_la_DeepSea
Jirani mpige kofi moja kwa niaba yetu.

Bi_Kidawa_Msambweni
Hajati kafika wapi?

Mkunazi_Mkavu
Katuma meseji sasa hivi, basi lake limepita Segera. Anauliza kama nimefanya hesabu za jana.

KobeWaDuga
20.04 mnayo kwenye fleshi?

Jirani_Barabara9
Inashuka, imefika asilimia 31. Bando langu.