Boksi kilo 7, naambiwa nilipie kilo 24 kwenda Ujerumani! Wazoefu wa kutuma mizigo nje njooni

BintiMajengo
Habari zenu wakuu. Nipo hapa Dodoma, nauza vikapu vya kusuka, nachukua kwa kina mama wa Mvumi na Chamwino. Sasa nimepata mteja Ujerumani ana kaduka kake, anataka vikapu 10 vikubwa kwa vidogo aone kwanza vinaendaje. Bei ya vikapu tumeelewana vizuri tu, nikatafuta boksi kubwa, kila kikapu nikakijaza magazeti kisibonyee, selotepu juu chini, nikabeba bajaji mpaka kwa wanaosafirisha kwa ndege. Mizani inasoma kilo 7 nimeona kwa macho yangu, halafu yule kijana akatoa futi akapima boksi, sm 60 kwa 50 kwa 40, akagonga kikokotoo ananiambia dada huu ni mzigo wa kilo 24. Nikamuuliza kaka, hiyo mizani ya mapambo? Akacheka, ndo mfumo ulivyo. Hela yenyewe imezidi bei ya vikapu vyote! Hivi nilikuwa napigwa au ndo utaratibu? Na nifanyeje mteja asinikimbie?

Mzee wa Nzuguni
Hujapigwa binti yangu. Huo unaitwa uzito wa ujazo. Chukua 60 × 50 × 40 unapata 120,000, gawa kwa 5,000, jibu 24. Wanalinganisha na mizani, kubwa ndiyo unalipia. Ndege inaweza kujaa kabla haijafikia uzito wake, kwa hiyo anayekula nafasi analipa nafasi. Ungekuwa umebeba misumari kwenye boksi hilohilo wangetumia mizani na usingelalamika.

kiroba_cha_Kondoa
Sista ni rahisi, wewe kwenye fomu andika vipimo vidogo, nani atakwenda kupima tena

Wakala_Kkoo
@kiroba usimpoteze mtu. Kampuni kubwa zina mashine zinapima boksi kule kwenye vituo vyao, bili ya nyongeza inamfuata baadaye tena akiwa keshamtajia mteja bei. Na wanapima pale palipotokeza zaidi, boksi likivimba tumbo sm 3 hizo tatu unalipia. Kwenye hesabu ya 5,000 hata kuongeza sm 5 kwenye kimo cha boksi lake ni kilo 3 zimeongezeka, 60 × 50 × 5 piga mwenyewe.

Mtoa mada swali, kwa nini kila kikapu kimekaa peke yake? Toa hayo magazeti, chomeka kidogo ndani ya kikubwa kama masufuria, katikati weka karatasi moja laini tu. Sisi viatu vya Guangzhou tukileta kwa ndege vinatolewa kwenye maboksi yake vyote, vinginevyo unasafirisha hewa.

MamaZabibu
Kuchomeka sawa ila angalia mdomo wa kikapu, ukilazimisha ukindu unapinda na haurudi, mteja akifungua anakuta mdomo umekuwa yai. Mi bora nilipe kilo moja zaidi. Na boksi usihangaike kutafuta la saizi kamili, pale Sabasaba wapo wanaouza maboksi yaliyotumika, nunua kubwa ulikate kimo kwa kisu, kunja pembe, piga selotepu.

Jembe la Bahi
Kwani asigawe tu maboksi madogo madogo?

Wakala_Kkoo
Kwa hawa wa haraka kugawa mara nyingi ni hasara, nusu kilo ya mwanzo ndo ina bei kali kuliko zinazofuata, ukiwa na maboksi matano unailipa mara tano. Kugawa kunalipa Posta, kifurushi kidogo kisizidi kilo 2, urefu jumlisha upana jumlisha kimo visizidi sm 90, na upande mrefu usizidi 60. Boksi la 30 kwa 30 kwa 30 linaingia kabisa. Hilohilo kwa hesabu ya 5,000 ni kilo 5.4, wanapandisha mpaka 5.5, wakati Posta wanaangalia mizani. Inachelewa lakini, mwambie mteja mapema.

Mzee wa Nzuguni
Na kabla hujalipa popote uliza wanagawa kwa ngapi. Mizigo ya kawaida ya ndege, siyo hii ya haraka, wengi wanagawa kwa 6,000, hapo boksi lako lingekuwa kilo 20 badala ya 24. Akija kuagiza vingi hamieni meli, kule wanahesabu CBM, yaani mita za ujazo, na CBM moja inaruhusiwa mpaka tani nzima. Vikapu tani nzima utavitoa wapi.

BintiMajengo
Jamani Mungu awabariki. Nimepanga upya, vikubwa vimebeba vidogo, viwili vimegoma nimevilaza pembeni, midomo iko salama @MamaZabibu. Boksi limekuwa 48 kwa 38 kwa 34, nimepiga hesabu inakuja 12.4 kwa hiyo 12.5. Nusu kabisa! Nimemtumia mteja bei mbili, ya haraka na ya Posta, achague. Ila sasa kaniongezea kasheshe, anataka na ngoma moja ya Kigogo ya kupamba dukani 😩

Jembe la Bahi
😂😂 ngoma tena

Wakala_Kkoo
Kama upande mmoja iko wazi ningekwambia jaza vikapu vidogo humo ndani, hiyo nafasi utailipia tu. Ila ina ngozi, Ulaya wana masharti makali kwa vitu vya mnyama, pitia kwanza kwa watu wa mifugo wakwambie vibali na mteja aulize forodha ya kwake. Usiifunge boksi moja na vikapu, ikizuiwa inazuiwa na vikapu vyako.